Mgongo wa mdogo wangu ulisukumwa na kualishwa mara sita kabla haujapigwa picha hata moja

#1 Mwana wa Pasua

Wakuu, salaam. Nimelikalia jambo hili tangu mwaka jana. Jana jioni jirani kanionyesha kwenye simu yake video ya mtu anashika kichwa cha kijana, anakizungusha ghafla, shingo inalia "ta!", watu wanashangilia. Nikaona siwezi kuendelea kukaa kimya.

Mdogo wangu ana miaka 23, beki wa kati wa timu ya mtaa hapa Moshi. Mwaka jana mwezi wa nne alianza kuumwa mgongo, pale mbavu zinapoishia. Hatukushtuka. Wiki moja kabla alikuwa amepigwa kiwiko kwenye mechi, na beki gani hajawahi kuumwa mgongo? Akachuliwa, akanunua mkanda wa kiuno, akapumzika mechi mbili. Wiki ya tatu maumivu yako palepale.

Rafiki yake akampeleka kwa mtu aliyefungua chumba cha kunyoosha migongo. Jina lake wala eneo lake sitaji, sikuja humu kumshtaki mtu. Ukutani kuna mchoro wa mifupa, kitanda kizuri chenye tundu la uso. Elfu thelathini kila ukienda. Anakulaza kifudifudi, anakupapasa, anakwambia "pingili hii imehama", anaweka viganja, anasukuma kwa kishindo. Mgongo unalia. Mdogo wangu aliinuka anatabasamu, akasema amejisikia mwepesi. Nafuu ile ilidumu siku mbili. Akarudi tena, na tena. Mara sita ndani ya wiki tano.

Mara zote hizo hakuna aliyemuuliza usiku analalaje, kama amepungua uzito, kama anatoka jasho akilala. Na mimi niliyekuwa nalala naye chumba kimoja sikuuliza. Shuka lake niliona asubuhi limelowa, nikadhani ni joto. Suruali zilikuwa zinampwaya, nikadhani ni mazoezi. Hilo linaniuma hadi leo.

Baada ya mara ya sita miguu ikawa mizito. Alijikwaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyumbani, kizingiti anachokiruka tangu utoto. Kesho yake mkojo ukawa unakawia kutoka. Mama ndiye aliyesema, "Huu si mpira tena." Tukaenda hospitali usiku uleule. Eksirei ikaonyesha pingili mbili zimelika upande wa mbele na kubonyea. MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, ikaonyesha usaha umejikusanya na kuanza kuukandamiza ugwe wa neva. Kifua kikuu cha mgongo. Na kijana hakuwa anakohoa hata kidogo.

Sisemi kwamba kusukumwa ndiko kulikomletea TB. TB alikuwa nayo. Ninachosema ni kwamba mifupa iliyokuwa inaliwa na ugonjwa ilisukumwa kwa nguvu za mtu mzima mara sita, na kila nafuu ya siku mbili ilitupotezea wiki nzima. Daktari wa mifupa alituambia wazi kwamba pingili zile zingeweza kuporomoka palepale kitandani.

Sasa naomba tujadili kwa moyo mweupe. Hii kairopraktiki, yaani tiba ya kusukuma pingili kwa mikono, ni nini hasa? Inamfaa mwanamichezo yupi? Nani asiguswe kabisa? Waliopona waseme, walioumia waseme, na wataalamu mliomo humu tafadhali msipite kimya.

Neno moja la lugha kabla hatujaanza. Tukisema "uti wa mgongo" tunachanganya vitu viwili: safu ya pingili, na ule ugwe wa neva unaopita ndani yake. Wapo pia wanaoelewa homa ya uti wa mgongo. Mama alipokuwa anawajibu ndugu kwenye simu kwa neno hilo, kila mmoja aliondoka na ugonjwa wake. Humu nitasema "pingili" kwa mifupa na "ugwe" kwa neva, ili tusipotezane.

#2 Shangazi wa Rau

Pole sana mwanangu, wewe na mama yenu. Mtoto yukoje sasa? Anatembea?

#3 Mbio Ndefu

Pole mkuu. Mimi nitasema upande wa pili, maana nimetibiwa na nikapona, na sitaki vijana wa mbio wakimbie kila anayeweka mikono mgongoni.

Niliishi Johannesburg miaka minne. Nilikuwa najiandaa kwa marathoni, nikapata maumivu ya kiuno upande wa kulia, nikikimbia zaidi ya kilomita 15 yanashuka hadi tako. Nikaenda kwa daktari wa kairopraktiki. Kwa Afrika Kusini kazi hii inasomewa chuo kikuu, Durban na Johannesburg, hadi shahada ya uzamili, na huwezi kufungua chumba bila kusajiliwa na baraza lao. Siku ya kwanza hakuualisha mgongo wangu kabisa. Aliniuliza maswali karibu dakika arobaini. Akanigonga magoti kwa kile kinyundo, akanitembeza kwa vidole, akanitembeza kwa visigino, akapima kama nahisi mguso sawa miguu yote. Akauliza kuhusu saratani kwenye familia, homa, uzito, choo na mkojo. Kisha akauliza nimeongeza kilomita ngapi ndani ya mwezi. Nilikuwa nimetoka 40 kwa wiki hadi 75. Akanitazama tu.

Alinisukuma kiuno mara tatu kwa wiki tatu, akanipa mazoezi ya tumbo na makalio, akanirudisha kwenye kilomita 45. Baada ya hapo akaniambia nisirudi mpaka niwe na sababu. Marathoni nikaimaliza.

Wanariadha wakubwa wanaitumia miaka mingi. Marekani waliteua mtaalamu wa kairopraktiki kwenye timu yao ya Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1980, Lake Placid. Kwa hiyo tuseme ukweli wote.

#4 Mwana wa Pasua

Mbio Ndefu, asante, na sina ubishi na wewe. Hizo dakika arobaini ndizo mdogo wangu alizozikosa.

#5 Fizio wa Zamu

Nafanya fiziotherapia hospitali ya rufaa, mwaka wa kumi na moja huu. Nimeona wagonjwa wa aina zote mbili, wa Mbio Ndefu na wa mleta uzi. Nitaandika kirefu.

Kwanza ule mlio. Si mfupa unaorudi mahali pake. Nyuma ya kila pingili kuna viungo vidogo, na ndani yake kuna ute wenye gesi iliyoyeyuka. Ukizitenganisha nyuso za kiungo kwa ghafla, shinikizo linashuka na gesi inajitenga. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walivuta vidole ndani ya mashine ya MRI, wakaona uwazi wa gesi unatokea papo hapo kidole kinapolia. Ndiyo maana ukishakualisha kidole hakilii tena mpaka muda upite. Mgonjwa anakuja ananiambia "jana ulilia mara nne", kama vile ni pingili nne zimerudi nyumbani. Hakuna pingili iliyokuwa imetoka. Pingili ikitoka kweli kwa jeraha kubwa, mtu huyo kwa kawaida yuko wodini, hajaja kwa miguu yake.

Je, inasaidia? Kwa maumivu ya kawaida ya kiuno, ndiyo, kwa kiasi. Mwaka 2017 JAMA, jarida la madaktari la Marekani, lilichapisha mapitio ya majaribio 26 kuhusu maumivu mapya ya kiuno. Nafuu iliyopatikana ndani ya wiki sita ilikuwa kama alama 10 kwenye kipimo cha 100. Si haba, na si muujiza. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, linaitaja tiba ya kusukuma mgongo kati ya zinazoweza kutolewa, pamoja na mazoezi na elimu kwa mgonjwa. Mwongozo huohuo unashauri dhidi ya mikanda ya kiuno na kuvutwa mgongo kwa uzito. Nawaomba mlisome mara mbili hilo la mikanda, maana najua ni watu wangapi wanaivaa hadi kulala nayo.

Kwa mwanamichezo naiona kazi ya mikono hivi: inapunguza maumivu kwa saa au siku chache, na ndani ya muda huo mtu anaweza kufanya mazoezi ambayo jana yalimshinda. Asipoyafanya, maumivu yanarudi naye anarudi kwenye kitanda chenye tundu. Biashara nyingi zimejengwa juu ya kurudi huko.

Kuna jeraha moja la vijana linalonikosesha usingizi. Mrusha mkuki, mnyanyua vyuma, mchezaji wa sarakasi, mrusha mpira wa kriketi kwa kasi: hawa wanapinda mgongo kwenda nyuma maelfu ya mara, na pingili ya chini, mara nyingi ile ya tano ya kiuno, inapata ufa mwembamba. Dalili yake ni maumivu akijipinda nyuma, hasa akisimama kwa mguu mmoja, naye ni kijana wa miaka 13 hadi 20. Huyu anahitaji kuusimamisha mchezo wake kwa miezi. Ukimsukuma unausukuma ufa.

Wasioguswa kwa msukumo wa ghafla ni wengi kuliko watu wanavyodhani. Aliyeanguka au kupata ajali na hajapigwa picha. Mwenye TB au maambukizi mengine ya mfupa, na kwa nchi zetu hili liwe swali la kwanza, si la mwisho. Mwenye saratani au aliyewahi kuwa nayo. Ya titi na ya tezi dume hupenda sana kuhamia kwenye pingili. Bibi mwenye mifupa iliyopungua ujazo. Aliyetumia dawa za steroidi muda mrefu. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Na yeyote ambaye miguu yake inapoteza nguvu.

Kuhusu shingo, video mnazoziona zinanitisha. Mishipa miwili ya damu inayopanda kwenye ubongo inapita kwenye matundu ya pingili za shingo zenyewe. Ukuta wa mshipa ukichanika, damu inaganda, na mtu anaweza kupata kiharusi akiwa na miaka 30. Hutokea mara chache. Pia watafiti wanabishana: huenda wengine walikuja tayari wamechanika, maana dalili ya kwanza ya mchaniko ni maumivu ya shingo yaleyale yaliyowaleta. Kwangu mimi ubishi huo unatosha kunizuia. Shingo naipa mazoezi na mkandamizo wa taratibu. Siizungushi ghafla.

#6 Boda wa Njiapanda

Daktari samahani, nina swali. Mimi ni dereva wa pikipiki, miaka 34, nakaa kwenye siti saa kumi na mbili kwa siku. Nilipiga MRI, majibu yameandikwa diski imetokeza kati ya pingili ya nne na ya tano. Tangu nisome karatasi hiyo siinamii hata ndoo. Kuna mtu anasema anaweza kuirudisha kwa kusukuma mara kumi. Nilipe?

#7 Fizio wa Zamu

Ndugu yangu, usilipe kwanza. Mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia, ila hili nalijua vizuri.

Mwaka 2015 yalichapishwa mapitio ya picha za watu wasioumwa mgongo kabisa. Kwa wenye miaka 20, asilimia 30 walikuwa na diski iliyotokeza. Miaka 30, asilimia 40. Miaka 80, asilimia 84. Maana yake ukichukua madereva kumi wa rika lako wasiolalamika chochote, wanne wana karatasi kama yako. Picha inasomwa pamoja na mwili wa mtu.

Diski, yaani ule mto ulio kati ya pingili mbili, haitelezi kama sabuni. Imeshikana na pingili juu na chini. Inaweza kutokeza, inaweza kupasuka na ute wake ukagusa neva. Hapo ndipo unapata moto unaoshuka mguuni hadi chini ya goti. Hata hivyo wengi hupata nafuu ndani ya wiki sita hadi kumi na mbili bila upasuaji, kwa sababu mwili wenyewe hulinyonya lile lililotoka. Hakuna viganja vinavyoirudisha diski ndani.

Inama. Beba ndoo, anza na nusu. Shuka kwenye pikipiki kila baada ya saa moja, tembea dakika tano. Hofu yako ya karatasi inakudhuru kuliko diski.

Ila sikiliza hili kwa makini kwa sababu ya kazi yako. Ile sehemu ya mwili inayokaa kwenye siti ya pikipiki, yaani sehemu za siri, njia ya haja kubwa na mapaja ya ndani, ikifa ganzi, au mkojo ukakwama, au choo kikatoka bila kujua, au miguu yote miwili ikalegea, usisubiri asubuhi. Nenda hospitali kubwa saa hiyohiyo. Kifungu cha neva za chini kinabanwa, na kuchelewa kunaweza kukuachia ulemavu wa kudumu.

#8 Mbali na Kwetu

Nawasalimu kutoka Iowa, Marekani. Naongezea historia, kwa sababu jambo hili lilizaliwa kwenye jimbo ninaloishi.

Mji unaitwa Davenport, ukingoni mwa mto Mississippi. Mwaka 1895 mtu mmoja aitwaye Daniel David Palmer, aliyekuwa akitibu watu kwa nguvu za sumaku, alimsukuma mgongo Harvey Lillard, mfanya usafi wa jengo alimokuwa na ofisi, mtu mweusi aliyekuwa amepoteza kusikia. Palmer akatangaza kwamba Lillard amesikia tena. Kutoka hapo akajenga nadharia kwamba asilimia 95 ya magonjwa yote yanatokana na pingili zilizokaa vibaya. Mwaka 1897 akaanzisha shule, na bado ipo. Mwaka 1906 alifungwa jela kwa kutibu bila leseni.

Madaktari na watu wa kairopraktiki walipigana karibu karne nzima. Chama cha madaktari wa Marekani kilikuwa kinawakataza wanachama wake kushirikiana nao, kesi ikafunguliwa mwaka 1976, na mwaka 1987 jaji akaamua kwamba ule ususiaji ulivunja sheria. Leo wanasoma takriban miaka minne baada ya masomo ya awali ya chuo, wanafanya mitihani ya kitaifa, wanapewa leseni na jimbo.

Hapa kuna namna mbili zao. Wapo wanaotibu kiuno na shingo kama alivyosema Fizio, wanashirikiana na madaktari, wanakuruhusu uende. Na wapo waliobaki na imani ya Palmer: watakuambia mgongo wako ndio mzizi wa pumu, wa shinikizo la damu, wa mtoto kulia usiku, kisha wakuuzie mkataba wa kuja mara tatu kwa wiki mwaka mzima. Mke wangu alipouziwa mkataba wa namna hiyo alisimama akachukua mkoba wake. Alama hiyo itumieni na huko nyumbani. Anayetibu kila kitu kwa mgongo, muogopeni.

#9 Kiti Mwendo

Nimesoma toka juu. Naombeni nafasi, maana mada hii inatuhusu pia sisi tulioumia ugwe wenyewe, na mara nyingi tunazungumziwa tu.

Nilianguka kutoka juu ya mnazi mwaka 2014, Muheza. Nilikuwa na miaka 26. Watu walinipenda, wakanibeba haraka: wawili mikono, wawili miguu, katikati nimepinda kama kitanda cha kamba, wakaniweka nyuma ya gari. Sijui nilikuwa nimebakiwa na nini kabla ya kubebwa. Swali hilo nimelizika, nisingeweza kuishi nalo.

Ugwe wangu uliumia usawa wa kifua. Nilipotoka hospitali familia ilileta wanyooshaji watatu kwa nyakati tofauti. Siwalaumu ndugu zangu, walikuwa wanatafuta mtoto wao asimame. Wa tatu alikuwa na nguvu sana. Alinikunja goti kulielekeza kifuani akalisindikiza kwa uzito wake, akisema mishipa imekakamaa. Sikusikia chochote, kwa sababu sina hisia huko chini. Jioni paja likavimba. Lilikuwa limevunjika. Daktari akanieleza kwamba mifupa isiyobeba mwili hupungua ujazo, na mimi nilikuwa sijasimama mwaka mzima. Mfupa wa mtu kama mimi haustahimili sarakasi hizo, na maumivu yanayowaonya ninyi wengine sisi hatuyapati.

Wajue wote: ugwe ukishakatika au kupondeka, hakuna kusukuma pingili kutakakouunganisha. Mtu anayekuahidi hilo anakuuzia matumaini yako mwenyewe.

Kinachotuweka hai ni vitu visivyo na video. Kugeuzwa kitandani kila baada ya saa mbili. Kujiinua kwenye kiti mara kwa mara ili makalio yapate damu, maana kidonda cha mgandamizo kinaanza na wekundu wa saizi ya sarafu na kinaishia mfupani. Kutoa mkojo kwa mpira safi kwa saa zake. Na kama umeumia kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu, ukaanza kuumwa kichwa cha kupasua huku unatoka jasho usoni, kaa wima upesi, tazama kibofu kama kimejaa au mpira umejikunja. Presha inapanda kwa kasi, inaua. Nimempoteza rafiki wa kiti kwa hilo, kwenye zahanati hakuna aliyelijua.

Mikono ya mtaalamu hata hivyo nimeihitaji, ila begani. Nacheza mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu. Mabega yangu ndiyo miguu yangu: nasukuma, nahama kitandani, nafunga goli. Yaliposhindwa nilikuwa sina tena namna ya kwenda chooni. Mtaalamu aliyachua, akayanyoosha taratibu, akanifundisha kuimarisha misuli ya nyuma, akashusha siti na kusogeza magurudumu mbele kidogo. Miezi mitatu nikarudi uwanjani.

#10 Shangazi wa Rau

Kiti Mwendo, nimekusoma mara mbili. Mungu akuzidishie nguvu, baba.

#11 Mama Mapacha

Fizio samahani. Binti yangu ana miaka 13, shuleni ni mkimbiaji wa mita 400. Mshona sare ndiye aliyegundua bega moja liko juu. Picha inasema mgongo umepinda pembeni nyuzi 28. Nimeona tangazo la kuunyoosha bila upasuaji kwa vipindi 40. Moyo wangu haujatulia.

#12 Fizio wa Zamu

Mama, usichelewe na usinunue vipindi hivyo. Kusukuma mgongo hakunyooshi kupinda kwa aina hiyo. Kwa mtoto anayeendelea kukua mwenye nyuzi kati ya 25 na 40, chenye ushahidi ni vazi gumu la kushikilia kiwiliwili. Utafiti mkubwa wa mwaka 2013 ulionyesha asilimia 72 ya waliovaa hawakufika kiwango cha kufikiria upasuaji, dhidi ya asilimia 48 ya waliosubiri tu. Waliovaa saa nyingi kwa siku ndio waliofaidika zaidi. Muone daktari bingwa wa mifupa mwezi huu. MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, kwa walio Dar, hospitali ya KCMC Moshi kwa walio kaskazini, na hospitali nyingine za rufaa. Vipindi 40 ni karibu mwaka wa ukuaji, na ukuaji ndio unaoongeza kupinda.

Na asiache kukimbia. Usain Bolt ana mgongo uliopinda pembeni, amelisema mwenyewe hadharani.

#13 Sina Makuu

Mnawalaumu wanyooshaji, lakini hospitali nako? Mimi nilienda mara tatu na mgongo, mara tatu nikapewa vidonge vya maumivu bila kuguswa. Watu wanaenda kwa hao kwa sababu wanaguswa na kusikilizwa.

#14 Mwana wa Pasua

Sina Makuu, umegusa penyewe. Sisi wenyewe, kabla ya yule mtu, tulipita kituo kimoja cha afya tukapewa dawa dirishani. Kijana aliona amethaminiwa zaidi kwenye kile kitanda kuliko kwenye lile dirisha. Sikulisema mwanzo na nilipaswa kulisema.

Ndiyo maana sasa popote ninapompeleka mtu, nasema mwenyewe bila kungoja kuulizwa: anaumwa zaidi usiku kuliko akicheza, amepungua kilo sita, analoa jasho, ana wiki tano hajapona. Maneno hayo manne yangetosha mwezi wa tano.

#15 Kocha wa Vijana

Nina watoto 31 chini ya miaka 17. Wiki mbili zilizopita mmoja alitua kwa shingo, tukamwinua tukamnyoosha, akaendelea na mechi. Nimesoma hapa mikono inatetemeka. Nifanye nini ikitokea tena?

#16 Kiti Mwendo

Kocha, nijibu mimi. Usimwinue. Simamisha mechi, hata refa akikasirika. Mwambie asitikise kichwa. Mtu mmoja apige magoti kichwani kwake, akishike kwa mikono miwili pale kilipo, asikivute. Muulize kama anahisi vidole vya miguu, kama anaweza kuvitikisa. Asipewe maji, asikalishwe. Mkilazimika kumgeuza, awe kama gogo: kichwa, mabega na kiuno viende pamoja kwa hesabu ya aliyeshika kichwa. Mlango uliong'olewa au ubao mpana unatosha kumbebea. Wafundishe wachezaji wako jambo hili leo, kabla ya mazoezi, kwa vitendo. Na yule wa wiki mbili zilizopita, mpeleke akapigwe picha kama shingo bado inamuuma.

#17 Kocha wa Vijana

Nampeleka kesho asubuhi. Asante kaka.

#18 Mwana wa Pasua

Nimerudi. Shangazi, uliuliza tangu juu kabisa nami nikakupita, nisamehe.

Alifanyiwa upasuaji kuondoa usaha na kuwekewa vyuma, akaanza dawa za TB, ambazo hutolewa bure. Ilikuwa miezi kumi na miwili ya vidonge kila siku, na mama aliweka alama ukutani kwa mkaa. Mkojo ulirudi mapema. Miguu ilichukua muda. Mwezi wa pili alisimama na fremu, wa nne akatembea kwa gongo, akiwa na mtaalamu wa mazoezi tiba mara tatu kwa wiki. Mgongoni kuna kinundu kidogo kinachoonekana akivaa jezi. Mguu wa kushoto bado unachelewa anapopanda ngazi.

Daktari amemwambia mpira wa kugongana basi. Alilia siku nzima, nasi tukamwacha alie. Wiki iliyopita kocha wa timu yake alimwita awapange mabeki kwenye mazoezi, akaenda mapema kuliko wote. Nilimkuta amesimama kwenye mstari wa boksi anawapigia kelele wasirudi nyuma. Kijana mmoja akaja analalamika kiuno, akaomba asukumwe kidogo. Mdogo wangu akamkalisha chini, akaanza kumuuliza: usiku unalalaje?

Bado niko humu. Boda wa Njiapanda na Mama Mapacha, mkipata majibu tuleteeni.